Kabati Lisilopita Mlangoni

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Mimi Barnaba Songoro, fundi seremala, nna miaka themanini na mbili. Sultani kaondoka, mimi nipo. Mapinduzi yamekuja na waliokuja nayo wengi wamezikwa, mimi nipo. Karafuu ilikuwa dhahabu ikawa takataka, mimi nipo. Mafundi wote wa karakana yetu wamekwisha isipokuwa Kurwa, naye macho hayaoni vizuri. Meno yangu yamekwenda, mimi nipo. Disemba kaondoka mke wangu Agnesi. Mimi nipo.

Leo padri katupaka majivu, kasema Kwaresima hii kila mtu aache kitu kila siku, na anayejua kuandika aandike, apate kuiona mikono yake imeshika nini. Kuandika najua. Nilisoma madarasa ya watu wazima nikatoka wa kwanza, ijapokuwa wanasema herufi zangu kubwa kama milango. Fundi wa milango ataandika nini?

Leo nimeacha sukari. Daktari alishanikataza zamani, lakini padri hakuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeacha kumsema Kurwa. Hakuwepo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeacha redio. Haina betri.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu Yustina kaja kutoka Tomondo baada ya ibada. Kapanda ngazi anahema, na hana hata miaka hamsini. Mimi nakaa juu kabisa hapa Michenzani, juu yangu ni paa na kunguru.

Kasema, "Baba, ngazi hizi zitakuua."

"Ngazi hizi nimezipanda kabla hujazaliwa."

"Chumba chako kiko tayari kwangu. Kiko chini, hakina ngazi hata moja."

"Na kabati?"

Hapo hunyamaza. Kila mtu hunyamaza hapo. Wacha niliandike kabati langu. Limeshika ukuta mzima wa chumba cha kulala, milango minne, urefu nusura liguse dari. Mti wake mfenesi, uliangushwa na upepo shambani kwa Kurwa, Kidichi. Ulipokuwa mbichi ulikuwa wa manjano kama papai, sasa umeiva, mwekundu wa kahawa. Mchwa haugusi. Hamna msumari hata mmoja, ni ulimi na tundu na vijiti vya mti, kazi ambayo vijana wa leo hawaijui hata kwa kuota. Nimelitengenezea humu humu chumbani. Na mlango wa chumba ni mwembamba. Naujua, kwa sababu milango ya jengo hili niliitia mimi, kijana, mbele ya Wajerumani waliokuja kulijenga, na Mjerumani mmoja alinipiga bega akasema gut, yaani safi. Watu husema fundi kapotewa na hesabu, kajifungia kabati ndani. Sikupotewa. Kabati halikutengenezwa litoke.

Yustina kasema tena, "Na nguo za Mama, Baba. Arobaini imepita, hukuzigawa. Watu wanauliza."

"Nani anauliza?"

"Watu."

"Watu wana nguo zao."

Kalia kidogo, kafagia, kaondoka. Mimi sikulia. Tangu Disemba sijalia, wala sijacheka. Moyo umekaa kimya kama chumba kilichohamwa. Kanga za Agnesi zimo kabatini, rafu ya juu, alivyozikunja mwenyewe.

Leo nimeacha ugomvi. Niliuacha Yustina alipokwishaondoka.

Jumanne, 11 Machi

Waislamu wamefunga, sisi tumo Kwaresima, jengo zima linanuka njaa mpaka magharibi. Magharibi linanuka nazi.

Chini yangu hasa anakaa Bi Kazija. Yeye na Agnesi walikuwa kama pete na kidole, mmoja akichemsha maji mwengine kaleta majani ya chai. Leo kamtuma mwanawe Mudrik, mtu mzima ana ndevu, na sahani ya muhogo wa nazi na samaki.

"Shikamoo, mzee. Mama anasema karibu futari."

"Marahaba. Mwambie mimi Ramadhani sifungi."

"Anajua. Kasema njaa haina dini."

Nimekula. Sikusikia ladha. Tangu Disemba kila kitu kama nnatafuna karatasi. Sahani nimeiosha nikaitia kabatini. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo hata mtoto wa mjini hapa analijua. Ukiletewa wali, sahani inarudi na vitumbua, au embe, au ukikosa kabisa, konzi ya chumvi. Kazi hiyo alikuwa nayo Agnesi. Mimi sipiki. Nna nini cha kutia? Sahani itangoja.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Sahani nyengine.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Nimeacha kunyoa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Sahani ya maua, na bakuli. Nimeziosha, nimezitia kabatini.

Jumapili, 23 Machi

Padri kasoma ile habari ya kijana tajiri aliyeambiwa auze alivyo navyo awape maskini, akaenda zake na huzuni. Na ya ngamia na tundu ya sindano. Niliwaona watu wawili watatu wanageuza shingo kunitazama. Yustina mmoja wao.

Padri ni kijana mwema lakini kupima hajui. Mimi si tajiri. Mimi nna kabati moja. Tena yule kijana alikwenda na huzuni, na mimi huzuni sina. Sina kitu chochote.

Jumatano, 26 Machi

Mudrik kapanda, mikono mitupu leo.

"Mzee, maji yanadondoka juu ya kitanda cha mama. Nimemleta fundi mwashi, kasema ufa uko kwako, nyuma ya kabati. Mvua inashuka na ukuta inaingia kwetu. Tulisogeze kidogo tu, azibe."

"Halisogei."

"Tukiwa wanne?"

"Hata mkiwa jeshi."

"Basi tulifungue."

"Limejengwa humu ndani. Ukilitoa umelipasua."

Kajikuna ndevu. "Mzee, usipoziba ufa..."

"Methali haisogezi kabati, mwanangu."

Kacheka, kijana ana adabu. Kasema basi, mama kaweka beseni. Jioni imekuja sahani. Wali wa nazi.

Leo sikuacha kitu.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Watoto ngazini na nguo mpya, vidole vya hina. Pilau imekuja juu ya mfuniko wa sufuria. Sahani za Bi Kazija zimekwisha, zote ziko kwangu. Mudrik kaniangalia, mimi nimeangalia mfuniko.

Nimeacha aibu. Padri hakusema vipi visivyofaa kuachwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Kurwa kaja kutoka Kidichi na mafenesi mawili, kabebewa na kijana wa bajaji mpaka mlangoni. Haoni, lakini kabati kaliona. Kaingia chumbani bila kuambiwa, kalipapasa kwa kiganja kuanzia chini, polepole, kama mtu anamtambua ng'ombe wake.

"Mfenesi wangu huu."

"Wangu. Ulinipa."

"Nilikupa mti. Hukunambia utauoa."

Vidole vyake vimefika kwenye kona, pale vijiti vilipo. Kavigusa kimoja, kimoja, kainamisha kichwa kama anasikiliza.

"Barnaba."

"Naam."

"Hivi vijiti havina gundi."

"Kunywa chai, inapoa."

"Havina gundi, we mzee! Hili kitu..."

"Kurwa. Chai."

Kanywa chai. Habari ya beseni kaisikia ngazini. Alipoondoka kasema mlangoni, "Na huyo mama wa chini anajua kuogelea?" Hajawahi kuwa na adabu, tangu karakana.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Matawi yamelowa, maandamano yamefanyika ndani. Ramadhani imekwisha lakini chakula cha Bi Kazija bado kinakuja. Leo kimekuja ndani ya kopo la aiskrimu. Nimeliosha, nimelitia kabatini.

Jumatano, 16 Aprili

Leo ntaandika yote.

Ilikuwa asubuhi, mvua ya tangu alfajiri. Nimekaa kitandani nafunga kifungo cha shati. Nimesikia mshindo chini yangu, kama mtu kaangusha gunia la saruji. Sakafu imenitetema miguuni. Halafu sauti ya Mudrik, "Mama! Mama!" Halafu kimya, halafu tena, "Mama!"

Nimeshuka. Mimi kushuka ngazi ile moja huwa nnashika ukuta. Leo sijui nilishika nini.

Chumba cheupe kwa vumbi la lipu. Darini pana tundu, chuma zinaonekana zina kutu, maji yanatiririka. Bi Kazija yuko kitandani, uso mweupe, kitambaa cha kichwa cheupe, bonge la zege limemwangukia bega. Macho yamefunguka. Kaniona mlangoni.

"Mtazameni mzee," kasema kwa sauti ndogo, "kashuka bila viatu."

Kweli, miguu mitupu.

Kitanda chake ni kikubwa, cha watu wawili. Upande mmoja pana beseni limejaa maji. Upande wa pili, kaukanda kembamba kama ubao, ndipo alipokuwa akilala. Nusu ya beseni, nusu yake. Masika yote.

Vijana wanne wamemshusha kwenye kiti. Ngazi za Michenzani ndefu. Kila ngazi inapogeuka wamesimama kupumzika, na hapana pa kumweka, wamemshika hivyo hivyo hewani, naye kauma meno hakulia. Nimewafuata mpaka chini. Gari imeondoka. Nimesimama mvuani.

Watu wamesema ni amri ya Mungu. Mudrik hakunitukana. Angenitukana ningejua la kufanya, matusi nayajua mengi kuliko yeye.

Nimerudi juu. Kabati lipo. Nimetia sikio kwenye ubao wa pembeni, nyuma yake maji yanapita, sauti ndogo kama mtu anasema peke yake. Nimengoja nisikie uchungu. Haukuja. Nimejiona mkono wangu uko kwenye kijiti cha kona, unakizungusha. Kimezunguka vizuri. Nimekirudisha.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimekwenda hospitali na Mudrik. Bega limevunjika, litapona, lakini mkono huo hatapikia muda mrefu. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Umekula, Mzee Barnaba?"

"Nshakula."

"Nani kakupikia?"

Nimejivuta kola ya shati.

"Muongo. Mudrik, mpe mkate ule. Na ndizi."

Mudrik kanipa, kisha kaenda kutafuta maji. Nikasema, "Bi Kazija, lile kabati..."

"Linafunguka."

Nimemtazama. Nje mvua inapiga mabati.

"Nani kakwambia?"

"Agnesi. Siku ile ile ulipolimaliza. Alishuka kwangu anacheka mpaka kakaa chini. Kasema, mume wangu katengeneza kabati linalofunguka kama mkeka, lakini anataka watu waamini halitoki, ili asihamishwe popote mpaka afe."

"Na ukalala na beseni?"

"Beseni langu halikoromi."

"Kwa nini hukusema?"

Kafumba macho, nilidhani kalala.

"Ningesema, ungelifungua kwa hasira. Kitu cha mtu hutoa mwenyewe, Barnaba. Nikikutolea mimi, si nimekunyang'anya? Na wewe Disemba ushanyang'anywa."

Nimekula ndizi yote. Sikusikia ladha.

"Na sahani zako?" nikasema.

"Zikae. Yustina anataka kukuchukua Tomondo. Mtu mwenye sahani zangu lazima nionane naye tena."

Nilidhani namjua huyu mwanamke. Miaka yote nilimwona ni shoga yake Agnesi tu, mtu wa kelele za ngazini. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kabati.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani. Meza ya madhabahu wameivua vitambaa, mishumaa, kila kitu. Umebaki mti mtupu. Watu walikuwa wanalia kwa ajili ya Bwana, mimi nimeitazama meza. Ilipokuwa imefunikwa sikuwahi kuona viungo vyake. Kazi nzuri ile. Sikuitengeneza mimi, lakini kazi nzuri.

Nimempigia simu Kurwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Kurwa kaja na nyundo yake ya mti, Mudrik kaja mikono mitupu, Yustina kaja na kilemba kichwani kama anakwenda kulima. Fundi mwashi kangoja nje ya mlango.

Kwanza tumetoa vya ndani. Mudrik kafungua mlango wa pili akapiga kelele:

"Mzee! Hii sahani ya maua, nilidhani umeivunja zamani! Na mabakuli! Na hiki... mzee, hata kopo la aiskrimu?"

"Kopo nalo ni chombo. Halirudi tupu."

Yustina kacheka, kisha kafungua rafu ya juu hakucheka tena. Kanga za mama yake kazichukua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Halafu kabati. Taji la juu linatoka mwanzo, bila hilo hakuna kinachotoka, na ukianza na milango umekwama. Nilimwambia Kurwa, "Unakumbuka?" Kasema, "Nimekufunza mimi." Uongo, lakini sikumjibu, nimeacha. Kapapasa kijiti, kagonga, kijiti kimetoka kikavu kama kimetiwa jana. Cha pili. Cha tatu. Mudrik kasimama kashika ubao, anatutazama wazee wawili tunalitengua kabati bila kelele.

Kaniuliza kwa upole, "Kwa hivyo, mzee, lilikuwa linafunguka siku zote?"

"Siku zote."

Katikisa kichwa. "Haya," kasema. Basi, neno hilo moja. Ningekuwa mimi ningemrusha mzee dirishani.

Mbao zimepita mlangoni moja moja, kwa ubavu, hakuna iliyogusa fremu. Mlango niliutia mimi, naujua. Zile za nyuma zimelowa zimepindika. Ukutani pana ufa wa mkono mzima, kijani kwa ukungu, na maji yanashuka ndani yake taratibu hata sasa.

Nimeacha kabati. Hii nimeiandika ya kweli, zile nyengine padri azisamehe.

Moyo kimya.

Pasaka, 20 Aprili

Kristo kafufuka. Chumba kina mwangwi. Nimekohoa, ukuta umenikoholea.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Mwashi kaziba ufa wangu, sasa yuko kwa Bi Kazija anatengeneza dari. Mbao mbili za kabati ndizo zilizoshika dari lake mpaka zege ikauke.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefunga meza ya kazi uani. Randa inakata. Mikono haijasahau, ni mimi niliyesahau.

Jumamosi, 3 Mei

Mabenchi. Kila ngazi inapogeuka, benchi moja, kutoka chini mpaka juu. Milango ya kabati imekuwa mbao za kukalia, nguzo zimekuwa miguu. Hamna msumari. Kurwa kasugua kwa msasa, kwa kuwa kusugua hakutaki macho.

Leo asubuhi nimemkuta mzee wa ghorofa ya pili kakaa na vitunguu vyake. Hakujua kakalia nini. Ubavuni mwa benchi watoto wameandika kwa chaki. Zamani ningewafukuza kwa fimbo. Nimepita.

Jumatano, 7 Mei

Bi Kazija karudi. Kapanda kwa miguu yake, mkono kwenye kitambaa shingoni. Kwenye benchi la kwanza kakaa kasema zuri. La pili kasema zuri. La tatu kasema lingekuwa pana kidogo. Nilimwambia hilo ni mwili wake si benchi. Mudrik aliogopa, mama yake kacheka mpaka kashika bega.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada Yustina kanisaidia. Tumezipanga sahani zote sakafuni, na mabakuli, na mfuniko, na kopo. Juu ya kila kimoja tumeweka kanga ya Agnesi. Mfuniko umepata ya kijani aliyoivaa harusini kwa Yustina. Kopo la aiskrimu limepata kilemba.

Tumeshuka nazo kwa safari nyingi. Bi Kazija kakaa kitandani chini ya dari jipya, kitanda kizima chake. Tumezijaza sakafu yake mpaka mlangoni. Kazitazama. Katia mkono mmoja, kachukua kanga ya kwanza, kajifunika mabega, kaivuta mpaka puani. Kakaa hivyo. Yustina kakaa karibu yake. Mimi nimesimama.

"Haikurudi tupu," nikasema.

"Haikurudi tupu," kasema.

Nyengine kawagawia wanawake wa ngazi yetu. Jioni nimeona kanga ya Agnesi ya samawati inashuka ngazi, imevaliwa na mtu mwengine. Nilisimama kuipisha.

Alhamisi ya Kupaa, 29 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Yustina kasema, "Baba, sasa kabati halipo. Twende Tomondo."

Nikamwambia, "Sasa naweza kwenda. Ndiyo maana sina haraka."

Kasema ukaidi wangu nao ungepasuliwa mbao. Nikamwambia huo una misumari.

Mchana Mudrik kaleta chakula, kwenye ile sahani ya maua. Sasa mpishi ni yeye, mama kakaa kitini anaamrisha. Nimekula matonge mawili nikaweka sahani chini. Mchuzi hauna chumvi. Nimeonja tena, hauna chumvi kabisa. Nimemwita dirishani, "Mudrik! Mwambie mama yako mchuzi hauna chumvi!"

Imepanda sauti ya Bi Kazija mwenyewe: "Chumvi ni ile ile tangu Machi!"

Nimemaliza sahani. Nimeiosha. Kesho inarudi na fenesi la Kurwa.

Niliyoyaandika ni kweli. Kabati atalishuhudia Kurwa, haoni lakini mikono yake haidanganyi. Sahani atazishuhudia Mudrik, na kanga atazishuhudia Yustina. Asiyewapata na apande ngazi zetu, akichoka akae. Padri msimuulize, anadhani niliacha sukari. Na habari ya chumvi muulizeni Bi Kazija. Atabisha.